Jinsi ya kujua asili ya jina Veronica kabla hujampa mtoto

Wenzangu wa huku Malindi mnaotafuta jina la ubatizo, jina la nyumbani kwetu halisumbui, bibi yake ni Kadzo basi na mtoto ni Kadzo, kazi iko kwa hili la kanisani. Ukiandika Veronica kwa simu jibu linakuja mbio, "picha ya kweli", na wengi wanaishia hapo. Usiishie hapo.

Anza na lugha. Hiyo picha ya kweli wameunga vera ya Kilatini na eikon ya Kigiriki, lugha mbili ndani ya jina moja, hapo ndio uanze kushuku. Asili yake ni Berenike, jina la Kigiriki cha watu wa Makedonia, maana yake anayeleta ushindi, na kuna malkia wa Misri walioitwa hivyo kabla Yesu hajazaliwa. Fungua Biblia yako Matendo 25:13 utamkuta Bernike amefika Kaisaria na mfalme Agripa, jina ni hilo hilo. Mambo ya picha yalikuja baadaye sababu ya kile kitambaa ambacho inasemekana Veronika alimpangusia Yesu uso, sura yake ikabaki hapo.

Halafu mtafute mtakatifu mwenyewe, na hapa usiwe na haraka. Wakatoliki tukifanya Njia ya Msalaba Kwaresma, kituo cha sita ni Veronika anampangusa Yesu uso, lakini soma Injili zote nne hutamwona, ametufikia kwa mapokeo, na Injili ya Nikodemo ambayo haimo kwa Biblia inampa jina hilo yule mama aliyetokwa damu akagusa vazi la Yesu. Kwangu mimi hilo halimpunguzii chochote. Mwanamke anayepenya katikati ya askari kumfuta jasho mtu anayepelekwa kuuawa, huyo ni somo, yaani mtakatifu wa jina lake, wa kumpa binti bila kusita.

Ukitaka somo ambaye maisha yake yanajulikana vizuri kuna Veronica Giuliani wa Italia, mtawa Mkapuchini, alizaliwa 1660 akafariki 9 Julai 1727, akatangazwa mtakatifu 1839. Yule wa kitambaa wengi humkumbuka 12 Julai.

Mtaani ataitwa Vero tu, hiyo haikwepeki. Ila amueni mapema kama ni Veronica, Veronika ama Veronicah, na cheti cha kuzaliwa na kadi ya ubatizo viandikwe sawasawa, manake herufi moja ikizidi utakuja kuhangaika akiwa anasajiliwa mtihani.