Kibuyu cha kumbukumbu: namna tunavyokitengeneza Sikonge

Mabasi ya kwenda Mpanda na Mbeya hupita Sikonge, mkoani Tabora, na abiria wakishuka huulizia asali kwanza. Wengi wangependa pia kitu kidogo kisichovuja kwenye begi. Kibuyu cha ukubwa wa ngumi, chenye nakshi na kupakwa nta, kinawafaa. Na kila kitu kipo hapahapa: mumunye shambani, nta kwa warina asali, kamba ya gome la myombo.

Hatua ya 1: Kukausha

Hapa ndipo kazi ilipo. Liache tunda shambani mpaka kikonyo kikauke chenyewe. Likivunwa bichi litakunjamana. Likate na kikonyo chake, ulitundike kivulini penye upepo, lisigusane na jingine. Baada ya muda ganda litaota ukungu. Usilitupe! Ni maji yanayotoka kupitia ganda. La kutupa ni lile ambalo ukilibonyeza kidole kinazama. Vidogo huchukua miezi 2 hadi 3, kwa hiyo vilivyovunwa Mei au Juni huwa tayari kabla kiangazi hakijaisha. Tikisa: mbegu zikilia ndani, kimekauka.

Hatua ya 2: Kusafisha

Kifunge kwenye kitambaa kibichi usiku kucha. Asubuhi kwangua kwa mgongo wa kisu, kisha sugua kwa stiliwaya ya sufuria hadi rangi ya kahawia itokee.

Hatua ya 3: Kutoboa mdomo

Toboa kwa msumari wa moto, malizia kwa kipande cha msumeno wa chuma. Funga pua na mdomo kwa kitambaa, maana vumbi la ndani hukereketa kifua vibaya sana. Toa mbegu, tia kokoto na maji, tikisa kwa nguvu. Kama ni cha kunywea, kiloweke na kubadilisha maji kila siku hadi uchungu uishe. Kisipoacha uchungu, kiuze kama pambo tu na umwambie mnunuzi wazi, kwa sababu uchungu ule unaweza kumdhuru mtu.

Hatua ya 4: Kuchoma nakshi

Chora kwanza kwa penseli. Tafuta spoku mbili za baiskeli: moja inoe iwe na ncha, nyingine ipondwe iwe bapa. Mpini ni gunzi la mahindi, halipitishi moto mkononi. Weka spoku kwenye makaa mpaka iive nyekundu, itoe, subiri wekundu ufifie, ndipo uguse ganda. Ukiharakisha, mstari unatanuka na kingo zinageuka majivu. Ukichelewa, spoku inateleza na kuacha doa hafifu. Mkono wa kuchoma utulie. Kinachozunguka ni kibuyu. Ile ya ncha ni ya mistari, ile bapa ni ya kujaza vivuli.

Mimi huchora mzinga wa gome ukiwa juu ya tawi, na nyuki wachache kuzunguka shingo. Twiga na simba mgeni atawakuta kila duka la nchi hii. Mzinga wa gome ndio unaomwambia alifika Unyamwezini.

Hatua ya 5: Nta, si vanishi

Vanishi inang'aa haraka, lakini inaficha harufu na haifai kwa chombo cha kunywea. Yeyusha nta kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiibandike moja kwa moja motoni, inashika moto. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi. Pasha kibuyu juani, paka nta kidogo kwa kitambaa, kisha sugua hadi kisinate tena mkononi.

Hatua ya 6: Kizibo na kamba

Chonga kizibo kwa mti mkavu. Gome la kamba litoke kwenye tawi lililokatwa au kuanguka. Kuchuna mti mzima mzima ni kuwanyima nyuki maua ya mwakani.

Unapomkabidhi mteja, mwambie asikifunge kikiwa na unyevu. Akishakitumia, akianike kikiwa wazi, kivulini.