Dishi kwenye nyumba ya kupanga: nani aruhusu, nani atoboe, nani azibe

Ugomvi mwingi wa dishi ninaoitiwa hapa Unguja huzuka siku mpangaji anapohama: dishi ni la nani, na matundu aliyoyaacha ukutani yazibwe na nani. Hayo yote humalizika mapema, kabla drili haijachomekwa.

Hatua ya 1: Angalia mbingu kwanza

Mpangaji, usilipie king'amuzi kabla hujasimama pale unapotaka dishi likae. Azam TV wanarusha kutoka setilaiti zilizo kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki. Kwetu sisi, tulio mashariki zaidi yake, hizo ziko magharibi, kaskazini kidogo, na zimeinuka kama nyuzi 52 kutoka usawa wa ardhi. DStv iko nyuzi 36 mashariki, karibu na utosini kabisa, nyuzi 82 hivi. Hiyo ya DStv, simama kuelekea kibla kisha pinda kushoto kidogo. Usidanganywe na sura ya dishi, maana madishi haya huonekana yameinama kuliko kule yanakotazama hasa.

Kwa hiyo dishi la DStv ukilificha chini ya paa la veranda halioni kitu. La Azam adui yake ni ukuta wa jirani: ukuta ulio mita 4 mbele yake ukizidi mita 5 juu ya dishi, umekata. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe hapo ndipo watu wanapokwama. Na mnazi unaoyumba wakati wa kusi utakupa picha leo, ukunyime kesho.

Hatua ya 2: Mjue mwenye idhini

Anayekuja kuchukua kodi si lazima awe ndiye mwenye nyumba. Nyumba ya urithi ina warithi. Mtafute msimamizi wao. Nyumba ya wakfu, idhini inatoka Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kwenye majumba ya Michenzani, paa si la mtu mmoja. Ndani ya Mji Mkongwe, ambao umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, pitieni kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, hasa kama dishi litaonekana kutoka njiani.

Wapo wanaonionyesha kwenye simu kanuni ya Marekani ya mwaka 1996, iliyopanuliwa 1999 iwafikie na wapangaji, inayomlinda mtu anayefunga dishi dogo kwenye sehemu anayoitumia peke yake, kama roshani. Ni ya kwao huko. Hapa, zungumza na mwenye nyumba.

Hatua ya 3: Andikeni

Ujumbe wa simu unatosha, mradi ujibiwe. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Naomba kufunga dishi ukuta wa nyuma, matundu manne na moja la waya. Gharama zangu. Nikihama naondoka na dishi na LNB, kitako nakuachia ukikitaka, matundu naziba mimi."

LNB ni kile kichwa kidogo mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, na kitako hapo ni chuma kinacholishika dishi ukutani. Fundi, usitoboe kabla hujauona huo ujumbe na jibu lake. "Toboa tu, mwenyewe hana neno" si idhini.

Hatua ya 4: Kufunga

Hapa dhamana ni ya fundi. Ukuta wa mawe na chokaa usiupige drili ya nyundo, wala usitie bolti za kutanuka. Plasta inabanduka vipande vipande na bolti inabaki inacheza. Tafuta ukuta wa matofali ya saruji, au simamisha bomba kwenye kitako cha zege juu ya paa bapa. Kwenye bati, funga kwenye mgongo wake, skrubu ishike mbao, kisha tia silikoni. Karibu na bahari bolti za kawaida huliwa na kutu upesi. Nunua zisizoshika kutu.

Bomba likae mbali na waya za umeme kiasi kwamba hata likianguka lisizifikie.

Tundu la waya lishuke kuelekea nje, na waya uachiwe kitanzi kidogo chini ya tundu kabla haujaingia, ili maji ya masika yadondokee hapo na si sebuleni. Ukikata waya wa dishi ili utie koneta (kile kichwa cha kuchomekea), kunja nyuzi za nje zote nyuma, kisha tazama kwa jicho la karibu: unywele mmoja tu ukigusa shaba ya kati, king'amuzi kinaonyesha shoti na LNB haipati umeme. Mteja ataambiwa LNB imekufa, anunue nyingine. Nzima kabisa!

Bati likivuja hapo hapo palipofungwa dishi, fundi ndiye arudi, bila malipo. Dishi likisogezwa na watoto au waanika nguo, mpangaji amlipe fundi.

Hatua ya 5: Kuhama

Pigeni picha ukuta siku ya kufunga na siku ya kufungua, mwenye nyumba abaki na nakala. Tundu kwenye ukuta wa chokaa lizibwe kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, na plasta ya pembeni huanza kuvimba na kumeguka.