Madoa meupe kwa samaki wa maji chumvi: angalia vizuri kabla ya kutia dawa

Kangaja wa buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, huvuliwa pwani ya Kenya kwa soko la samaki wa mapambo. Ni samaki wa kupendeza, lakini akiingia kwenye tangi la kioo huwa mwepesi mno kushikwa na madoa meupe.

Mwangalie kwa ubavu, taa ikimmulika kutoka upande. Doa la kimelea Cryptocaryon irritans limeinuka kidogo, lina ukubwa wa punje ya chumvi, na madoa yenyewe yanahesabika. Samaki hujisugua kwenye mawe na kuhema harakaharaka. Ukiona vumbi laini lisilohesabika, lenye rangi inayokaribia dhahabu, huku samaki akitweta mbele ya pampu, shuku kimelea kingine, Amyloodinium. Huyo huua ndani ya siku chache. Anza tiba siku hiyohiyo. Vinundu vya mkunjo kama koliflawa kwenye mapezi aghalabu ni virusi vya limfosisti. Dawa ya vimelea haivigusi. Mlishe samaki vizuri, mwachie maji safi, mara nyingi hupona mwenyewe.

Tukirudi kwa Cryptocaryon, hapa ndipo wafugaji wengi hudanganyika. Kimelea hukaa mwilini siku 3 hadi 7, kisha hudondoka chenyewe na kujifungia ndani ya kifuko kigumu kwenye mchanga au mawe. Samaki anang'aa, mwenye tangi anasema kapona. Kumbe ndani ya kifuko kimelea kinagawanyika, na kifuko kikipasuka hutoka wachanga wengi wanaotakiwa kumpata samaki ndani ya siku moja au mbili. Mkupuo wa pili ndio unaoua, hasa wakijazana kwenye matamvua ambako huwaoni.

Kwa hiyo watoe samaki wote, hata wasio na doa, uwatibu kwenye tangi la pembeni lisilo na mchanga wala mawe. Usitie dawa ya shaba kwenye tangi kubwa: huua kamba, konokono na matumbawe, na mawe huinyonya hadi kipimo kinapotea. Pembeni, fuata kipimo cha dawa uliyonunua, pima shaba kila siku kwa kipimio chake, na pima amonia pia. Mimi napendelea njia isiyo na dawa: hamishia samaki kwenye tangi jingine lililosafishwa, likakaushwa, kisha likajazwa maji mapya, kila baada ya siku 3, mara 4 mfululizo, ili vimelea vinavyodondoka viachwe nyuma kabla ya kupasuka. Maji mapya yawe na joto na chumvi ileile.

Tangi kubwa likae bila samaki hata mmoja kwa siku 76. Kamba na matumbawe wabaki humo, uendelee kuwatunza.

Samaki mpya naye atengwe mwezi mzima, na wavu wake na mpira wake wa maji visiguse tangi kubwa vikiwa vibichi.