Flashi inayogoma kuandika: usikimbilie kufomati

Kwanza hamisha faili zako. Flashi iliyofungwa kwa kawaida bado inasomeka, kwa hiyo ripoti ya chuo iwekwe kwenye kompyuta kabla hujagusa kitu kingine.

Pili, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, hata ya steshenari jirani na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Ikiandika huko, tatizo ni kompyuta yako. Kama ni ya ofisi pale Mtumba, mji wa serikali, mwone mtu wa TEHAMA. Huenda imefungwa makusudi. Mac nayo husoma flashi ya NTFS (fomati ya Windows) bila kuandika, na hilo si kufuli. Memori kadi ndani ya adapta: sogeza kile kitufe cha pembeni kitoke kwenye LOCK. Kikilegea, hujirudisha chenyewe unapochomeka, basi tupa adapta.

Tatu, diskpart, programu ya kusimamia diski iliyomo ndani ya Windows. Sihitaji zile programu za "kutengeneza flashi". Nyingi zinaleta virusi tu. Bonyeza Windows na R, andika diskpart, kubali, kisha:

list disk

Hapa ndipo watu hulia. Usikisie namba. Tazama ukubwa: flashi ya GB 16 huonekana kama GB 14 hivi. Bado una shaka? Ichomoe, andika rescan, kisha list disk tena. Namba iliyopotea ndiyo yake. Irudishe, uthibitishe upya. Tuseme ni 2:

select disk 2
attributes disk clear readonly
attributes disk

Usiandike clean kwa pupa. Inafuta mpangilio wote wa diski bila hata kukuuliza, na ukikosea namba ni diski nyingine yenye faili zako inayoondoka.

Soma majibu ya amri ya mwisho. "Read-only: No" maana yake alama ya Windows imeondoka. Lakini mstari wa "Current Read-only State" ukibaki Yes, kufuli liko kwingine.

Nne, fungua regedit (kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\StorageDevicePolicies. WriteProtect ikiwa 1, weka 0, chomoa flashi, chomeka tena. Folda hiyo haipo? Achana nayo, kuitengeneza hakusaidii chochote.

Tano, ikibaki Yes kwenye kila kompyuta, chipu imechoka na imejifunga isiandikwe tena. Nunua nyingine. Ukiuziwa ya GB 512 kwa bei ya GB 16, ipime kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi, ikiwa bado tupu. Inaijaza yote, kwa hiyo iache usiku kucha umeme ukiwepo.