Somo: Zima hivi kabla ya kugusa waya za sola

Wakuu, swali la "nimezima inveta, naweza kuchomoa waya za paneli?" linarudi kila wiki. Jibu nimeliweka hapa lote, atakayeuliza tena mwelekezeni huku.

1. Vua pete na saa. Mikono mikavu, glovu za umeme, viatu vya mpira.

2. Zima vifaa vyote, kisha breka ya AC (umeme wa kawaida wa nyumbani) ya inveta.

3. Zima swichi ya DC (umeme wa paneli na betri) ya paneli. Betri ndiyo inafuata, isitangulie: ukiitoa huku paneli zinasukuma, volti hupanda na chaja kontrola (kifaa kinachosimamia kuchaji betri) inaweza kuungua.

4. Konekta. Hapa ndipo watu wanaungua. Paneli ikiona mwanga inazalisha umeme, hata kukiwa na mawingu. Kuzima inveta hakuizimi. Paneli 10 za volti 40 zilizounganishwa kwa mfululizo ni volti 400. Umeme wa AC wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche hupata nafasi ya kufa. DC haipiti sifuri. Ukichomoa MC4 (konekta za waya za paneli) mkondo ukiwa unapita, cheche inavutika kati ya pini na kuendelea kuwaka, plastiki inayeyukia mkononi mwako. Bana waya kwa mita inayosoma ampea za DC. Ikisoma 0, chomoa. Isiposoma 0 na swichi umeshazima, USICHOMOE: swichi inaweza kuwa imeungua ndani ikabaki imeshikana. Subiri giza au mwite fundi. Hata ukishachomoa, ncha bado zina volti zote, zifunike.

5. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye inveta, mara nyingi 5 au zaidi, kapasita zitoe chaji.

6. Pima volti kabla ya kufungua chochote.

MASWALI

Haraka_Haraka: Ndefu sana hii. Kwa kifupi, nikizima inveta inatosha?
Jibu: Haitoshi. Soma namba 4.

Mkongwe: Mimi nachomoa hivyo hivyo miaka yote, sijapigwa shoti.
Jibu: Una paneli ngapi?
Mkongwe: Mbili, sambamba.
Jibu: Basi volti zako ni za paneli moja. Usimpe ushauri huo mwenye 400, utamuumiza.

Dada_Umeme: Samahani mkuu, breka ya kawaida ya nyumbani inafaa upande wa paneli?
Jibu: Umeuliza jambo la maana, dada. Haifai. Breka ya AC inategemea ile sifuri ili cheche ife. Kwenye DC inaweza kuwaka ndani kwa ndani. Nunua iliyoandikwa DC, na volti zake zizidi jumla ya Voc (volti za paneli isipounganishwa na kitu, ziko kwenye lebo) za paneli zako. Acha nafasi, maana asubuhi ya baridi volti hupanda kuliko namba ya kwenye lebo. Angalia pia alama za + na −: baadhi zina sumaku ya kusukuma cheche upande mmoja tu, ukizigeuza haizimi.
Dada_Umeme: Kumbe! Yangu ina hizo alama, kesho naikagua.
Jibu: Ikague usiku, paneli zikiwa zimelala.

Kijana_Sola: Na kuosha paneli?
Jibu: Alfajiri, kioo kikiwa cha baridi. Maji baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua. Iliyopasuka usiimwagie maji kabisa, umeme unaweza kuvuja hadi kwenye fremu.

Kijana_Sola: Betri za maji je?
Jibu: Zinapochajiwa hutoa haidrojeni, fungua madirisha. Spana izungushie tepu ya umeme, ibaki wazi mdomo tu.