Futa tarakimu 3, ibaki namba ndogo kabisa

Umepewa namba 5274183. Futa tarakimu 3 bila kuvuruga mpangilio wa zinazobaki, upate namba ndogo kuliko zote zinazowezekana. Wengi hukimbilia kufuta zile kubwa, yaani 8, 7 na 5, wakapata 2413. Jibu ni 2183.

Kujaribu kila njia kunawezekana hapa, maana ziko 35 tu. Lakini ukiwa na tarakimu 40 na kutakiwa kufuta 20, njia zinafika 137,846,528,820.

Hatua ya 1: tazama kushoto. Namba mbili zenye urefu sawa huamuliwa pale zinapotofautiana mara ya kwanza kuanzia kushoto. Zilizo kulia haziwezi kufidia. Kwa hiyo tafuta tarakimu ya kwanza kutoka kushoto inayofuatwa na ndogo kuliko yenyewe. Hiyo ndiyo ya kufuta, hata kama ni 2.

Hatua ya 2: fanya kwa kalamu kwanza. Usiruke hatua hii, tafadhali. Panga tarakimu kama rundo la sahani. Kabla ya kuweka mpya, angalia ya juu: kama ni kubwa kuliko inayoingia, na ruhusa ya kufuta bado ipo, iondoe, kisha uangalie tena.

5 inaingia. Ikija 2, 5 inatoka. 7 inakaa. Ikija 4, 7 inatoka. Ikija 1, 4 inatoka, na ruhusa zote 3 zimekwisha. Ndiyo maana 2 inapona, na 8 pia inapona ingawa nyuma yake kuna 3.

Hii ni mbinu ya pupa: unachukua kilicho bora sasa hivi bila kurudi nyuma. Wahenga walituonya kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu, na kwa mafumbo mengi onyo hilo ni la kweli. Hapa pupa ni salama kwa sababu ya hatua ya 1: nafasi ya kushoto ikishapungua, hakuna hasara ya kulia inayoweza kuizidi.

Hatua ya 3: andika msimbo. Nimetumia lugha ya Python; namba inaingia kama maandishi, na k ni idadi ya tarakimu za kufuta.

```python
def punguza(namba, k):
    rundo = []
    for t in namba:
        while k and rundo and rundo[-1] > t:
            rundo.pop()
            k -= 1
        rundo.append(t)
    if k:
        rundo = rundo[:-k]
    return "".join(rundo).lstrip("0") or "0"
```

Hatua ya 4: jaribu penye mitego. 12345 ukifuta 2 haishuki popote, hivyo unakata mkiani: 123. 10200 ukifuta 1 inaacha 0200, na sifuri ya mbele lazima iondoke: 200. Ukifuta tarakimu zote, rudisha 0. Jaribu pia 3451 kwa kufuta 3. Ukiandika `if` mahali pa `while`, utapata 3 badala ya 1. Kosa hilo ndilo ninalolikuta mara nyingi zaidi nikikagua kazi za wanaoanza.

Kila tarakimu huingia kwenye rundo mara moja na hutoka si zaidi ya mara moja, kwa hiyo hata namba ya tarakimu 100,000 humalizika upesi.