Domeni na hostingi kwa anayeanza: kutoka kuchagua jina hadi tovuti kufunguka

Anayejenga tovuti kwa mara ya kwanza hulipia vitu viwili akidhani ni kimoja. Domeni, ambayo wengine huiita kikoa, ni jina: example.com. Hostingi ni nafasi kwenye seva, yaani kompyuta isiyozimwa inayotunza faili za tovuti na kumpa kila anayeziomba. Unaweza kuwa na jina bila nafasi, au nafasi bila jina. Kinachoviunganisha ni DNS, mfumo unaogeuza jina kuwa namba ya seva, na hapo katikati ndipo wengi hukwama.

Mtu akiandika www.example.com, kivinjari chake hakijui seva iko wapi. Huuliza kisuluhishi cha DNS, mara nyingi kile cha kampuni inayompa intaneti. Kisuluhishi nacho, kama hakina jibu tayari, huuliza seva za mzizi, zinazokielekeza kwa seva za .com; hizo hukitajia seva za majina za domeni yenyewe, na ni hizo za mwisho zinazotoa namba ya IP, yaani anwani ya seva kwenye mtandao. Ndipo kivinjari kinapobisha hodi kwenye seva yako. Kabla Paul Mockapetris hajabuni mfumo huu mwaka 1983, majina yote ya mtandao yalikuwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, ambalo kila kompyuta ilibidi iwe na nakala yake. Shika mpangilio huo wa maswali. Tovuti isipofunguka, kazi yako ni kutafuta mnyororo umekatikia wapi.

Hatua ya 1: Chagua jina

Jina la kawaida hukubali herufi a hadi z, tarakimu na kistari. Sehemu iliyo kati ya nukta na nukta haizidi alama 63, na kistari hakikai mwanzoni wala mwishoni. Herufi kubwa na ndogo ni sawa. Mtajie mtu jina hilo kwa simu, kisha mwombe aliandike. Akikosea, tafuta jingine. Vistari na tarakimu ndivyo vinavyokosewa zaidi, kwa sababu anayesikia hajui kama aandike "4" au "nne". Viambishi (sehemu ya mwisho ya jina, baada ya nukta) vya herufi mbili ni vya nchi na kila kimoja kina masharti yake; vingine hudai uwe mkazi au uwe na kampuni iliyosajiliwa huko, basi soma kwanza ndipo ulipe.

Hatua ya 2: Sajili kwa jina lako

Domeni kama .com husajiliwa kwa msajili mwenye idhini ya ICANN, shirika lililoanzishwa mwaka 1998 kuratibu majina ya intaneti. Hulinunui jina likawa lako milele. Unalikodi kwa mwaka 1 hadi 10, kisha unahuisha. Kwa hiyo bei ya kulinganisha ni ya kuhuisha, siyo ile ya mwaka wa kwanza iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Kwenye fomu, sehemu ya mmiliki iwe na jina lako au la taasisi yako. Fundi anayekutengenezea tovuti asijiandike mwenyewe: siku mkikosana, au akibadili namba ya simu, jina liko mikononi mwake. Kosa la pili halionekani mpaka siku mambo yanapoharibika: kuweka barua pepe ya mmiliki iliyo ndani ya domeni hiyohiyo. Ukiiandika info@example.com halafu example.com ikaisha muda, barua pepe hiyo hufa pamoja nayo, na ujumbe wa kurejesha nenosiri hauna pa kufikia. Weka anwani ya nje ya domeni, unayoisoma kila siku.

Baada ya kusajili, msajili hukutumia kiungo cha kuthibitisha anwani hiyo. Kibofye mapema. Siku 15 zikipita bila uthibitisho, domeni inaweza kusimamishwa, na wengi hulaumu hostingi bure. Kisha washa uhuishaji wa kiotomatiki, kufuli la kuzuia uhamisho na uthibitishaji wa hatua mbili.

Muda ukiisha, jina la .com halipotei siku hiyohiyo, ingawa tovuti inaweza kuzimika mara moja. Wasajili wengi hutoa muda wa neema, ambao hauzidi siku 45. Msajili akishalifuta, zinafuata siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, halafu siku 5 za kusubiri kuachiwa. Baada ya hapo yeyote anaweza kulichukua.

Hatua ya 3: Chagua hostingi

Hostingi ya pamoja, ambapo tovuti nyingi hukaa kwenye seva moja, inatosha kwa anayeanza. VPS, yaani seva pepe iliyo ndani ya seva kubwa, hukupa sehemu yako peke yako, lakini masasisho, usalama na ukarabati ni juu yako; usiichukue kwa sababu tu inasifiwa. Tovuti isiyo na hifadhidata, yenye HTML na picha tu, inaweza kukaa kwenye hostingi ya kurasa tuli, ambayo ni nyepesi na ina machache ya kuharibika.

Tangazo la "nafasi bila kikomo" lisome hadi masharti ya chini: mara nyingi idadi ya faili ndiyo yenye kikomo, na barua pepe za zamani huhesabiwa humo. Uliza pia nakala rudufu huchukuliwa kila baada ya muda gani, na kama unaweza kuirejesha mwenyewe.

Hatua ya 4: Unganisha jina na seva

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubadili seva za majina kwa msajili, ukaweka zile ulizopewa na hostingi. DNS yote inahamia huko. Ya pili ni kuacha seva za majina zilipo na kubadili rekodi tu, yaani mistari ya DNS inayosema jina lielekee wapi, hivi (jina na namba ya IP hapa ni mifano; weka vyako):

example.com. 3600 A 203.0.113.25
www 3600 CNAME example.com.
example.com. 3600 MX 10 mail.example.com.

A huelekeza jina kwenye namba ya IP. CNAME husema www ni jina jingine la example.com; usiiweke kwenye jina tupu lisilo na www, kwa sababu haikubali kukaa pamoja na rekodi nyingine. MX huonyesha barua pepe ziende wapi. Namba 3600 ni sekunde ambazo visuluhishi huruhusiwa kukumbuka jibu.

Kama domeni tayari inatumika kwa barua pepe, njia ya kwanza ina mtego. Seva mpya za majina hazijui rekodi zako za zamani. Tovuti itafunguka vizuri huku barua zikiacha kuingia. Nakili rekodi zote kwanza, hasa MX na TXT (rekodi za maandishi, kama zile za kuthibitisha barua pepe), uziandike upande mpya, ndipo ubadili.

Ule usemi wa "subiri saa 48" una chanzo chake: seva za .com hutoa orodha ya seva za majina yenye muda wa sekunde 172800, ambazo ni saa 48 kamili. Rekodi ya A hufuata muda uliouweka mwenyewe. Punguza muda huo hadi sekunde 300 siku moja kabla ya kuhama, na mabadiliko yatachukua dakika badala ya saa. Angalia matokeo kwa amri hii, inayouliza kisuluhishi cha umma cha 1.1.1.1:

nslookup example.com 1.1.1.1

Ikijibu 203.0.113.25 ilhali kivinjari bado kinaonyesha ukurasa wa zamani, DNS ya nje iko sawa. Kinachokumbuka jibu la zamani ni kompyuta yako au mtandao wako. Ikijibu NXDOMAIN, jina halipo kwenye DNS: kagua tahajia, muda wa kuisha na seva za majina.

Hatua ya 5: Pakia faili

Iongeze kwanza domeni kwenye paneli ya hostingi. Usipofanya hivyo, seva itapokea ombi na kuonyesha ukurasa wake wa kawaida, kwa kuwa haijui jina hilo ni la nani. Kisha pakia faili kwa SFTP, njia salama ya kuhamisha faili, kwenye folda ya tovuti, mara nyingi public_html. Ukurasa wa mwanzo uitwe index.html, kwa herufi ndogo; kwenye Linux, Index.html ni faili jingine kabisa. Ukiona kosa la 403 (seva imekataa kuonyesha ukurasa), huenda index haipo, au umepakia folda nzima na faili zimezama hatua moja ndani, au ruhusa si sahihi. Kwa kawaida ruhusa ya faili ni 644 na ya folda ni 755, namba zinazosema nani anaweza kusoma au kuandika. Usiweke 777 ili tu kosa liondoke: ni kumwachia kila mtu kwenye seva ruhusa ya kuandika.

Hatua ya 6: Weka cheti cha HTTPS

Cheti ndicho kinachowezesha HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa kati ya kivinjari na seva. Hostingi nyingi hutoa cheti cha Let's Encrypt bila malipo. Kwa kawaida cheti hicho hudumu siku 90 na hujihuisha. Mara nyingi kabla ya kutolewa, jina lazima liwe tayari linaelekea kwenye seva, basi usikiombe kabla ya hatua ya 4 kukamilika. Kikigoma, tafuta rekodi ya AAAA ya zamani: hiyo ni anwani ya IPv6, aina mpya ya namba ya IP, na husahaulika ikiendelea kuelekeza kwenye seva uliyoihama. Hakikisha cheti kinabeba majina yote mawili, lenye www na lisilo nayo, kisha elekeza moja kwenye jingine.

Ukihama hostingi, usiifunge ya zamani siku hiyohiyo. Iache angalau siku 3, ingia kwenye sanduku la barua pepe la kule uone kama bado kuna kinachodondoka, na uchukue nakala ya faili na hifadhidata kwenye kompyuta yako kabla ya kubonyeza kufuta.